Kubadilisha ngozi ya siti ya dereva, Harrier ya 2005: naweza kufanya mwenyewe?

Mdau_wa_Kibaha

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Harrier ya 2005, ACU30, usukani kulia, siti za ngozi rangi ya maziwa, ya dereva inasogezwa kwa umeme. Siti ya dereva imechoka upande wa mlango. Ubavu wa kulia wa kikalio umepasuka kiasi cha kiganja, sponji inaonekana na imeanza kumomonyoka kama unga wa njano. Ubavu wa kulia wa mgongo una mipasuko midogo midogo lakini haijatoboka. Siti ya abiria na za nyuma ni nzima.

Ushauri ninaopata mtaani ni kuvalisha kava za juu seti nzima, jambo ambalo sitaki. Nataka kuvua ngozi ya zamani na kuweka mpya kwenye siti hiyo moja. Nina soketi, bisibisi, plaizi na cherehani ya miguu, Butterfly. Je, siti inatokaje bila kuharibu kitu, ngozi imeshikiliwa na nini ndani, na patani (kielelezo cha kukatia) naipataje? Pia naona kilebo cha SRS AIRBAG pembeni ya mgongo, sijui kinabadilisha nini.

---

Soketi14

Mkuu, hicho kilebo kinabadilisha nusu ya kazi yote, kwa hiyo tuanze nacho.

Eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ya pembeni imekaa ndani ya ubavu wa mgongo, upande wa mlango, yaani ubavu uleule wenye mipasuko. Ikifyatuka inatoka kwa kuchana mshono unaounganisha ngozi ya mbele na kipande cha pembeni. Mshono huo si wa kawaida. Kiwandani umepigwa kwa uzi na urefu wa tundu (umbali kati ya tundu moja la sindano na linalofuata) uliopimwa ili ukatike pale pale panapotakiwa, na kwa ndani kuna kitambaa kigumu kinachoelekeza mfuko nje. Ukishona upya kwa uzi wa nailoni, mfuko unakosa mlango. Utachelewa, au utatokea upande mwingine. Kava za juu zinazofunika ubavu mzima zina kasoro hiyohiyo, hata zikiwa nzuri namna gani.

Kwa hiyo kikalio vua na ushone utakavyo, hakina eabegi. Mgongo usiushone. Una njia mbili tu: kutafuta ngozi ya mgongo iliyotoka kwenye siti nyingine ya dereva ya Harrier ya aina hiyohiyo, mishono yake ikiwa haijaguswa, au kukarabati mipasuko juu kwa juu kwa rangi ya ngozi. Usidanganyike kubadilishana na ya abiria, eabegi yake iko kushoto.

Sasa kutoa siti. Watu wengi wanakimbilia kufungua betri kwanza, halafu wanagundua siti ya umeme haisogei tena na bolti mbili zimefunikwa. Utaratibu ni huu:

Washa swichi ya gari kwa ufunguo, peleka siti mbele kabisa. Bandua vifuniko vya plastiki mwisho wa reli kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu. Legeza bolti mbili za nyuma, soketi ya 14, uziondoe. Rudisha siti nyuma kabisa, toa mbili za mbele. Halafu isogeze ikae katikati ya reli, inyanyue kikalio kwa swichi kadiri inavyoweza ili mikono ipite chini, ndipo uzime na utoe ufunguo.

Fungua terminali hasi ya betri na usubiri sekunde 90 kamili kabla ya kugusa plagi yoyote chini ya siti. Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme na muda huo ndio wa kuimaliza. Plagi ya njano ndiyo ya eabegi. Ina kifungio cha pili, ukivuta kwa nguvu kabla hujakifungua unavunja mdomo wake. Na usipime waya za njano kwa mita, hata kwa utani. Mkondo mdogo wa mita unaweza kuifyatua.

Siti ya umeme ni nzito na reli zake zina meno makali. Tandika blanketi kwenye kizingiti cha mlango na uwe na mtu wa pili. Wakati siti iko nje usiwashe swichi hata kidogo, maana kompyuta itaona eabegi haipo, taa itawaka na hitilafu itabaki imeandikwa mpaka ifutwe kwa mashine.

Hapo nimemaliza upande wangu. Ngozi na cherehani nawaachia wenyewe.

---

Ringi_na_Uzi

Soketi14 kaeleza vizuri. Naingia kwenye kikalio.

Weka siti juu ya meza yenye blanketi. Huna haja ya kutenganisha mgongo na reli. Chomoa vitufe vya swichi ya umeme kwa kuvivuta nje taratibu, kisha toa ganda la plastiki la pembeni; lina skrubu kadhaa na klipu. Upande wa bakoli ya mkanda (pale mkanda unapochomekwa) kuna ganda dogo, nalo litoke. Kama itabidi utoe bakoli yenyewe, kumbuka bolti yake inarudi kwa Nm 42 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na si kwa makadirio.

Geuza siti chali. Kingo za ngozi zimeshonewa utepe wa plastiki wenye umbo la herufi J, na utepe huo umening'inizwa kwenye ukingo wa bati. Usiuvute kuelekea nje. Bonyeza sponji kuelekea kwenye bati ili ngozi ilegee, kisha uzungushe utepe utoke wenyewe. Ukishamaliza pande zote, ngozi na sponji vinanyanyuka pamoja kama kofia, na fremu inabaki tupu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Angalia mifereji ya kikalio, ile inayotenganisha katikati na mbavu. Ngozi inazama mle kwa sababu kila mfereji una waya mbili. Mmoja umefukiwa ndani ya sponji tangu kiwandani. Wa pili umepita ndani ya pindo la kitambaa lililoshonewa chini ya ngozi. Ringi za chuma ndizo zinazofunga waya hizo mbili pamoja. Piga picha kila mfereji na uhesabu ringi pamoja na nafasi zake kabla hujakata. Kikalio kimoja hula ringi kati ya 15 na 25, nunua 50 maana nyingi zitapinda mikononi mwako.

Kata ringi kwa plaizi ya kukatia waya, usizivute. Anayevuta hung'oa waya wa ndani pamoja na bonge la sponji, halafu mfereji huo hauna tena pa kushikia na ngozi itakaa imevimba kama tumbo. Waya za kwenye pindo zichomoe na uzitunze kwa mpangilio, zina urefu na mikunjo tofauti. Ndizo zitakazoingia kwenye ngozi mpya.

Kuhusu patani: ngozi ya zamani ndiyo patani, lakini si yote. Kile kipande kilichochakaa kimetanuka kwa miaka mingi ya kukaliwa. Ukikikata kama kilivyo utapata ubavu mpana kuliko sponji, na mikunjo itakuwa imezaliwa nayo. Kwa vile siti ya abiria ni nzima, chukua patani ya ubavu kutoka kwenye ubavu wa mlango wa siti ya abiria, halafu *uigeuze kinyume* kama kwenye kioo. Huna haja ya kuifumua. Bandika karatasi laini au tepu pana ya karatasi juu yake, chora kwa penseli ukifuata mshono, kisha ongeza nafasi ya mshono milimita 10 pande zote. Linganisha na kipande cha zamani: vikitofautiana kwa milimita chache kwenye ukingo wa juu, amini cha abiria. Kuna kitu kimoja cha kuangalia, nacho ni matundu ya swichi na ya bakoli kwenye vipande vya chini, hayo yafuate kwenye ngozi ya dereva.

Kabla ya kufumua mshono wowote, piga mistari midogo kwa kalamu ya fedha ikikatisha mshono, kila sentimita 5 kwenye pinde na kila 10 kwenye mstari ulionyooka. Ipe namba. Ukishafumua kwa wembe hutajua tena kipande kipi kilianzia wapi, na ubavu uliosogea sentimita moja tu utaonekana umepinda ukiwa umesimama nje ya gari.

---

Mdau_wa_Kibaha

Asanteni sana wakuu. Nina maswali manne ya nyongeza. Ngozi halisi au reksini? Uzi na sindano gani kwa Butterfly? Sponji iliyomomonyoka naijaza na nini, nina vipande vya godoro nyumbani. Na tai za plastiki zinaweza kuchukua nafasi ya ringi?

---

cherehani_nyeusi

Kwa Butterfly: sindano ya ngozi namba 18, ile yenye ncha ya kukata na si ya mviringo. Uzi wa poliesta au nailoni unene wa Tex 70. Uzi wa pamba wa kushonea nguo usiuguse, jua na jasho huuozesha na mshono hufunguka wenyewe. Urefu wa tundu weka 4 mm. Watu hupenda tundu fupi wakidhani ni imara, kumbe ngozi inageuka stempu ya posta na kuchanika kwenye mstari wa matundu.

Mashine hiyo itashona tabaka mbili za ngozi bila shida. Inapofika makutano, ambapo tabaka zinakuwa nne pamoja na sponji nyembamba ya mgongoni, acha miguu, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Punguza pia unene kwa kukwangua sponji kwenye ile 10 mm ya mshono, itapita kirahisi. Ngozi ya juu ikigoma kusogea na ya chini inakimbia, bandika kipande cha tepu ya karatasi chini ya mguu wa cherehani au paka poda kidogo. Usitumie pini, matundu yake kwenye ngozi hayafungi tena. Tumia klipu za karatasi.

Mshono wa juu, ule unaoonekana, pigia kwenye kipande cha ngozi chakavu kwanza mpaka uzi wa chini usionekane juu.

---

Ringi_na_Uzi

Najibu yaliyobaki.

Ngozi au reksini: kwa ubavu mmoja kwenye siti ambayo vipande vingine ni ngozi, weka ngozi. Reksini mpya karibu na ngozi ya zamani inajitenga kwa mng'ao hata rangi ikilingana, na juani inapata joto tofauti, paja litakwambia. Tafuta ngozi ya ng'ombe ya siti, unene kati ya 1.0 na 1.3 mm. Ya viatu ni ngumu na haipindi kwenye kona. Ngozi nzima ina kama mita za mraba 4.5 hadi 5. Kikalio chote kinakula karibu robo yake, ubavu peke yake na kipande cha pembeni ni kidogo sana, kwa hiyo nunua kipande na si ngozi nzima. Chagua eneo la mgongo wa mnyama, la tumbo linanyumbuka na litalegea ndani ya mwaka. Rangi ilinganishe nje, mchana. Sehemu ya ngozi iliyojificha chini ya mgongo wa siti haitakusaidia: ile haijapigwa jua, ni nyeupe kuliko nyingine zote. Linganisha na ubavu wa kushoto.

Ukiamua reksini kwa kikalio kizima, mita moja na nusu ya upana wa mita 1.4 inatosha, na hakikisha mgongoni ina kitambaa kinachonyumbuka. Ile yenye kitambaa cha kusuka kigumu ni ya masofa.

Sponji: vipande vya godoro la kawaida sahau. Godoro laini likiwekwa ubavuni, pale ambapo dereva hukanyaga kwa makalio kila anaposhuka, linalala ndani ya miezi michache na ngozi mpya inaanza kukunjamana palepale. Tafuta sponji ngumu kabisa, ukiibana kwa vidole iwe inarudi haraka na kukupinga. Kata ile iliyooza mpaka ufikie sponji inayovutika bila kumong'onyoka, ukate kwa pembe zilizonyooka, si shimo la mviringo. Tengeneza kipande kikubwa kuliko pengo kwa milimita 3 hivi. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, tabaka jembamba, subiri dakika 10 hadi 15 ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo ubane. Gundi nene inakauka kuwa ukuta na utausikia ukikaa. Chonga kwa msasa mpaka umbo lilingane na ubavu wa kushoto, kisha funika ubavu wote kwa sponji ya 5 mm ili kiungo kisionekane kupitia ngozi.

Tai za plastiki: zinashika, wengi wanazitumia. Chagua nyembamba za milimita 2.5, kichwa kielekee chini kwenye mfereji, mkia ukatwe usawa kabisa, la sivyo utachoma. Ubaya wake ni kwamba zinajipenyeza katikati ya pengo na kuvuta mahali pamoja, na siti ikipata joto la kuegesha juani zinalegea kidogo kidogo. Mimi nazitumia pale tu plaizi ya ringi haifiki.

Kuvalisha: anza na mifereji ya katikati, kutoka nyuma kwenda mbele, ringi ya kwanza iwe ya katikati ya kila mfereji, halafu ncha zake. Mbavu baadaye. Utepe wa J mwisho kabisa. Mwambie mtu akae au apige goti kwenye kikalio wakati unaning'iniza J ya nyuma, vinginevyo hutaifikisha. Ngozi ikikwama kwenye sponji ya ubavu, funika sponji kwa nailoni nyembamba kama ile ya kufungia magodoro mapya, valisha, kisha uivute itoke. Usiiache ndani, inapiga kelele na kuzuia unyevu kutoka.

Kabla hujafunga kila ringi hakikisha imekamata waya zote mbili. Ikikamata pindo na sponji peke yake itashika kwa siku tatu.

Mikunjo midogo itakayobaki, draya ya nywele, umbali wa sentimita 15 hadi 20, ikitembea muda wote huku mkono mwingine ukipapasa kuelekea ukingoni. Bunduki ya joto haifai hapa. Ngozi ikizidiwa joto husinyaa, ikawa ngumu kama ubao, na hairudi.

---

Pambazuko_Mvita

Nyongeza ndogo kuhusu mgongo, maana umebaki pembeni. Kama mipasuko haijatoboka: safisha kwa spiriti na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoe uchafu, piga msasa namba 600 taratibu, jaza mipasuko kwa kijazo laini cha ngozi tabaka jembamba jembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kisha rangi ya ngozi ya maji kwa sifongo, tabaka tatu au nne, na vanishi yake ya kumalizia. Rangi ya dawa ya kupulizia mabati au ya viatu hupasuka ndani ya wiki kwa sababu haipindi pamoja na ngozi.

Kijazo kisivuke mshono wa eabegi, wala usiweke gundi au kiraka nyuma yake. Acha sentimita mbili kila upande wa mshono, hapo paka rangi peke yake.

---

Soketi14

Kurudisha siti sasa.

Ingiza siti ikiwa reli zote mbili zimelingana. Reli moja ikitangulia hata kwa jino moja matundu hayatakutana na sakafu. Unganisha plagi zote betri ikiwa bado wazi, na ya njano usikie ikigonga, kisha ufunge kifungio chake cha pili. Anza bolti zote nne kwa vidole, zizunguke angalau mara tatu kila moja, ndipo ukaze. Nguvu ni Nm 37. Kama huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 15 mwisho wa mpini wa sentimita 25. Watu huzikaza kwa bomba la nyongeza wakidhani ni usalama, matokeo yake wanaua hesi ya kwenye sakafu. Kwa siti ya umeme itabidi ukaze mbili unazozifikia, ufunge betri, usogeze siti, ukaze mbili nyingine.

Ukiwasha swichi, taa ya eabegi inatakiwa iwake kwa sekunde 6 hivi na izime. Ikibaki inawaka, zima, fungua betri tena, subiri sekunde 90, na urudi kwenye plagi ya njano kabla ya kulaumu kitu kingine. Mara nyingi haijaingia mpaka mwisho.

Na siku ukifika kwenye siti ya abiria, chini ya ngozi ya kikalio kuna uwezekano wa kukuta mkeka mwembamba wa sensa ya mkanda. Ukiurudisha umekunjika, dashibodi itakulilia ufunge mkanda wa abiria ambaye hayupo.

---

Mdau_wa_Kibaha

Shukrani wakuu. Nimechukua vipimo vya ubavu wa abiria leo kwa tepu ya karatasi na nimevilinganisha na vya dereva. Cha dereva kimezidi kwa milimita 9 ukingo wa juu. Nitakata cha abiria.